Usinichekeshe, Nina Mshono

Kibiriti: Haloo! Nani mwenzangu? Kioo cha simu kimepasuka, jina silioni, naona nyufa tu.

Mwalimu: Kisia.

Kibiriti: Kama ni wewe wa sare za harusi, fundi amepasuliwa, yuko kwa mama mkwe wake anaugulia, cherehani imefunikwa shuka, na kitambaa chako hakijaguswa na mkasi. Kwa hiyo usinipigie kelele, maana na mimi nina—

Mwalimu: Mimi ndiye niliyeondoka na figo lako.

Kibiriti: Dada! Jamani, dada yangu! Shikamoo!

Mwalimu: Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?

Kibiriti: Sijambo kabisa. Sauti imerudi! Juzi uliongea kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi.

Mwalimu: Nilikuwa nimejifunika blanketi gubigubi. Leo wamenikalisha kwenye kiti karibu na dirisha. Nina habari kubwa. Umekaa?

Kibiriti: Nimesimama, nimeegemea kabati. Sema.

Mwalimu: Nimekojoa.

Kibiriti: (anaanza kucheka, anakatisha ghafla) Ai! Ai ai ai... Dada, tafadhali, usinichekeshe, nina mshono.

Mwalimu: Hiki si kichekesho, ni taarifa. Asubuhi wametoa ule mpira wa mkojo, nikakaa, nikakaa, nikabanwa. Nimebanwa, Kibiriti! Miaka yote ile ya kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, nilishasahau kubanwa kukoje. Leo nimekimbilia chooni na heshima zangu zote, nesi nyuma yangu ameshika chupa ya kupimia.

Kibiriti: Nimekwambia usini— (anapumua kwa shida) Subiri. Subiri kidogo.

Mwalimu: Nimesubiri.

Kibiriti: Haya. Ilijaa?

Mwalimu: Ilifurika! Nesi akapiga makofi. Daktari amekuja, ameiinua ile chupa dirishani, anaitazama utadhani ni manukato.

Kibiriti: Hilo figo limezoea kazi, dada. Nikiwa kwenye cherehani nilikuwa namaliza mtungi wa maji peke yangu. Usilikalishe bure, litakununia.

Mwalimu: Kununa limeshaanza. Tangu liingie nimekuwa na hasira za karibu. Jana nimemfokea mpishi wa hospitali kwa ajili ya uji.

Kibiriti: Uji ulikuwaje?

Mwalimu: Ulikuwa mzuri tu! Ndiyo nashangaa. Zamani mimi nilikuwa mtu mpole.

Kibiriti: Wewe mpole? Waulize watoto wa darasa la tano. Na shemeji hajambo?

Mwalimu: Hajambo. Hawamruhusu kuingia bila barakoa, naye akivaa barakoa miwani inapata ukungu, basi anasimama nje ya mlango ananichungulia kwenye kile kidirisha, utasema anaulizia duka lililofungwa. Na wako je?

Kibiriti: Yuko safarini na lori. Anapiga simu kila anaposimama kuweka mafuta. Ndiyo maana nikaletwa huku kwa mama mkwe.

Mwalimu: Na maumivu?

Kibiriti: Maumivu gani?

Mwalimu: Maumivu ya kupasuliwa, wewe. Tumelala kwenye meza mbili siku moja, vyumba jirani. Mimi nimeshonwa, wewe umeshonwa. Unaendeleaje?

Kibiriti: Aa, kidogo tu. Kama kujichoma sindano ya cherehani.

Mwalimu: Mimi nesi ananiletea vidonge kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Nikimeza, baada ya muda naona kila kitu kizuri. Hata rangi ya ukuta huu wa kijani nimeipenda.

Kibiriti: Hizo zenu za viwandani. Mimi niko kwenye mitishamba, dada. Huku ni mambo ya asili.

Mwalimu: Ya asili yapi?

Kibiriti: Mama mkwe anachemsha. Kuna magome, kuna mizizi, kuna tangawizi kwa ajili ya kupunguza uchungu wa magome. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Halafu kuna majani anayapasha moto, anayafunga kwenye kitambaa, ananiwekea begani.

Mwalimu: Begani? Si walikupasua tumboni?

Kibiriti: Hilo ndilo nashangaa hata mimi! Tumbo nililitarajia. Lakini bega? Bega limekosa nini? Linauma utasema nimebeba gunia.

Mwalimu: Ngoja nimuulize nesi, yuko hapa anabadilisha shuka... (anaongea na nesi) Anasema ni ile hewa. Wakati wa kupasua wanakupuliza hewa tumboni ili waone vizuri, na ile inayobaki inakwenda kuchokoza bega. Anasema kitambaa cha moto begani ni sawasawa kabisa, na utembee. Mwambie mama aendelee na kitambaa, ila kisiende karibu na mshono.

Kibiriti: Umeona? Nesi mwenyewe amekubali! Mitishamba moja, vidonge sifuri.

Mwalimu: Ahaa, kumbe tunashindana?

Kibiriti: Tunashindana.

Mwalimu: Vizuri. Tuanze sasa hivi. Nesi huwa ananiuliza: kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi? Mimi leo ni tatu. Wewe?

Kibiriti: (haraka) Mbili.

Mwalimu: Mbili.

Kibiriti: Mbili na... mbili tu.

Mwalimu: Hongera. Vuta pumzi ndefu nikusikie.

Kibiriti: Ya nini tena?

Mwalimu: Si ni mashindano? Mimi navuta. (anavuta pumzi ndefu, anaitoa) Haya, zamu yako.

Kibiriti: (anavuta pumzi fupi) Hiyo.

Mwalimu: Hiyo ni pumzi ya paka. Kohoa.

Kibiriti: Sina kikohozi.

Mwalimu: Daktari alitwambia sote wawili, tuko pamoja pale kitandani kwangu: kumbatieni mto tumboni, mkohoe, mtembee, ili kifua kisijae. Ukakubali kwa kichwa. Kohoa sasa.

Kibiriti: Dada, mtandao unakwaruza... haloo? Haloo? Nakusikia vipande vi—

Mwalimu: Mtandao mzima. Nasikia mpaka kuku wa hapo nyumbani.

Kibiriti: Basi nimeshakohoa leo. Asubuhi. Umechelewa.

Mwalimu: Mimi nimefundisha watoto tangu wewe unamfunga doli ushungi. Nikiulizwa mtoto gani hajafanya kazi ya nyumbani, siangalii daftari, naangalia shingo. Na shingo yako naiona kutoka hapa.

Kibiriti: Shingo yangu imefanya nini?

Mwalimu: Imekaza. Tangu tuanze kuongea hujakaa. Hucheki, na wewe hujawahi kuzuia kicheko hata msibani. Unalala wapi?

Kibiriti: Chumbani.

Mwalimu: Kitandani?

Kibiriti: ...Kwenye kiti. Kiti kizuri lakini! Kina mito. Nikilala chali, kuinuka inakuwa... inakuwa kazi. Basi nakaa tu, nasinzia.

Mwalimu: Kwa maumivu mbili.

Kibiriti: Labda nne.

Mwalimu: Kibiriti.

Kibiriti: Saba. Ikifika jioni nane. Umefurahi sasa? Nimepasuliwa, dada, siyo nimenyolewa!

Mwalimu: (taratibu) Sijafurahi. Vidonge ulivyopewa hospitali viko wapi?

Kibiriti: Vipo.

Mwalimu: Nimeuliza wapi, sijauliza kama vipo.

Kibiriti: Kwenye kopo la vifungo.

Mwalimu: Kopo la— vifungo vya nguo?

Kibiriti: Lile la biskuti. Ni kopo zuri, lina mfuniko.

Mwalimu: Umemeza vingapi?

Kibiriti: Shii! Tokeni ndani, kuku nyie!

Mwalimu: Haloo?

Kibiriti: Nipo.

Mwalimu: Umemeza vingapi, mdogo wangu?

Kibiriti: Hata kimoja.

Mwalimu: Yaani tangu utoke hospitali, umekatwa tumbo, umetolewa kiungo kizima, unaishi kwa maji ya magome?

Kibiriti: Na tangawizi.

Mwalimu: Na tangawizi! Mpe simu mama mkwe.

Kibiriti: Hapana! Hapana, dada, nakuomba, usiongee naye. Yeye... yeye anajua nameza.

Mwalimu: Anajua unameza?

Kibiriti: Kila asubuhi anauliza, "Umeshameza za hospitali?" Namwambia nimemeza. Ndipo ananipa kikombe. Mwenyewe kaniambia ya kwake ni ya kusindikizia. Hajui kama nimeibebesha mzigo wote.

Mwalimu: Kwa hiyo umemdanganya mama wa watu, umenidanganya na mimi, kwa sababu gani? Vinakutia usingizi?

Kibiriti: Sijui, sijavionja.

Mwalimu: Unaogopa vitakushinda kumeza? Ulipokuwa mdogo ulimeza sarafu nzima ya sumuni, tukangoja tukachoka.

Kibiriti: (anacheka) Aii! Aii mama yangu! Nimesema usini— dada, utanipasua mara ya pili, haki ya Mungu.

Mwalimu: Samahani. Samahani, sikukusudia. Nieleze basi.

Kibiriti: Vinaharibu figo.

Mwalimu: Nani kasema?

Kibiriti: Yule mfamasia siku ya kutoka. Kaniambia mbele ya shemeji: "Wewe sasa una figo moja, usije ukanunua dawa za maumivu dukani hovyo, nyingine zinachosha figo." Masikio yangu haya mawili yalisikia.

Mwalimu: Za dukani. Kasema za dukani. Kisha akakupa za kwake mkononi. Sasa akupe dawa ya kukuharibu, kwani mligombana?

Kibiriti: Dawa ya maumivu ni dawa ya maumivu. Mimi nikipewa vitambaa viwili, kimoja kinachuja rangi, vyote nafua mbali na nyeupe. Sibahatishi.

Mwalimu: Na magome je? Unajua magome yanafanya nini kwenye figo?

Kibiriti: Ya asili hayo.

Mwalimu: Hata upupu ni wa asili. Nesi! Dada nesi, samahani, njoo kidogo... (sauti zinasikika kwa mbali) Haya, sikiliza. Nimemweleza. Kwanza ameshika kiuno.

Kibiriti: Kasikitika?

Mwalimu: Kakasirika. Anasema vidonge ulivyopewa vimechaguliwa kwa mtu mwenye figo moja, ukimeza kama ulivyoandikiwa havina shida. Magome na mizizi hana ugomvi nayo, inawezekana yanasaidia, lakini yeye hajui kilichomo ndani, na hiyo ndiyo kazi ya figo, kuchuja usichokijua. Kwa hiyo usimamishe kikombe mpaka umwoneshe daktari wako siku ya kurudi. Mama afungashe kidogo, uje nacho. Kitambaa cha begani, ruksa. Na anasema mtu anayeumwa hapumui vizuri wala hatembei, na hapo ndipo kifua kinapoharibika. Umesikia?

Kibiriti: Nimesikia.

Mwalimu: Utameza?

Kibiriti: Nitaona.

Mwalimu: Utaona nini tena?

Kibiriti: Nimesema nitaona, dada. Si lazima kila kitu tukimalize leo. Figo lenyewe sina uhakika nalo, nisije nika... Aa. Wewe pumzika. Ongea na shemeji dirishani.

Mwalimu: Nisije nika nini?

Kibiriti: Hakuna.

Mwalimu: Ulitaka kusema neno. Limalize.

Kibiriti: (mtandao unakwaruza) ...siyo langu.

Mwalimu: Sijakusikia. Rudia.

Kibiriti: Nimesema figo hili siyo langu! Nikilichezea nimechezea mali ya mtu.

Mwalimu: Liko tumboni mwako, umezaliwa nalo. La nani basi?

Kibiriti: Nilimsikia daktari. Siku moja kabla, pale kwenye korido. Wewe ulikuwa umekwenda kupimwa damu. Anamwambia shemeji, "Hili halikai milele. Likichoka, baada ya miaka, itabidi litafutwe jingine."

Mwalimu: Ndiyo. Aliniambia na mimi.

Kibiriti: Sasa litatafutwa wapi? Walipima ukoo mzima, aliyefaa nilikuwa mimi peke yangu. Mjomba damu haikukubali, watoto wako ni wadogo. Basi nikasema kimoyomoyo, lipo. Lisitafutwe, lipo. Ninalo la akiba. Kazi yangu ni kulitunza lisiguswe na kemikali, siku ukilihitaji nikupe zima.

Mwalimu: (kimya)

Kibiriti: Dada, umekatika? Haloo?

Mwalimu: Nipo. Na wewe ungeishi na nini?

Kibiriti: Na mashine. Si wewe uliishi nayo miaka yote ile, na shule ukawa unakwenda? Ningeweza. Ningepeleka vitambaa vyangu nishone vifungo nikiwa nimelala pale. Tungepokezana.

Mwalimu: Tungepokezana. Yaani umekaa kwenye kiti, huwezi kulala, huwezi kukohoa, bega linawaka, unaugulia meno yamekaza, kwa ajili ya zamu yako ya mashine?

Kibiriti: Ukilisema hivyo linasikika vibaya.

Mwalimu: Mungu wangu, huyu mtoto! (anacheka na kulia) Huyu mtoto ataniua mimi, na nilikuwa nimeshapona!

Kibiriti: Usilie, dada. Nesi atasema nimekupandisha presha.

Mwalimu: Acha nilie. Nisikilize vizuri. Hakuna daktari duniani atakayekubali kukutoa la pili. Hata ukimpigia magoti. Hata ukimshonea suti. Mtu hutoa moja, basi, mlango unafungwa. Hujui hilo?

Kibiriti: Hakuna aliyeniambia.

Mwalimu: Kwa sababu hakuna aliyedhani kuna mtu duniani wa kuuliza!

Kibiriti: Sasa hilo lako likichoka?

Mwalimu: Likichoka tutajua la kufanya siku hiyo. Kuna watu, kuna hospitali, kuna mashine yangu mwenyewe nimeshaizoea mpaka naijua inavyokoroma. Lakini halitakuwa lako. Unakumbuka mkate?

Kibiriti: Mkate upi?

Mwalimu: Unajua upi. Mimi niko shule, wewe hujaanza. Mama anakukatia kipande, unakula nusu, nusu unaificha chini ya mto mpaka nirudi. Nafika unanivuta mkono, unanitolea kitu kimekauka kama gamba, kimejaa sisimizi.

Kibiriti: Sisimizi niliwapukuta.

Mwalimu: Uliwapukuta wawili, wengine niliwala. Nikawa nauliza, "Wewe umeshiba?" Unasema, "Nimeshiba kabisa." Na tumbo lako nalisikia linanguruma kutoka nilipokaa. Mimi nilikuwa na njaa, nikala. Kila siku nikala. Sikuwahi kukwambia acha.

Kibiriti: Ulikuwa unatembea mbali, dada.

Mwalimu: Leo nakwambia. Nusu yangu umenipa, nimeipokea, iko hapa inafanya kazi mpaka wauguzi wanapiga makofi. Nusu iliyobaki ni ya kwako. Siyo ya akiba, siyo ya zamu, siyo ya chini ya mto. Kula mkate wako, Kibiriti. Umeniumiza sana moyo, na nakupenda mpaka sijui niseme nini, lakini kula mkate wako!

Kibiriti: (anavuta kamasi) Unanifokea.

Mwalimu: Ni figo lako hilo linafoka. Mimi mpole.

Kibiriti: (anacheka kidogo, anagugumia) Aii... Dada.

Mwalimu: Naam.

Kibiriti: Inauma sana. Inauma sana, dada. Usiku nilikuwa nahesabu vifungo vya gauni la mama mkwe lililotundikwa ukutani, nasema nikifika cha mwisho itapungua, nikifika narudia cha kwanza.

Mwalimu: Najua. Pole, mama. Pole sana. Sasa nyanyua kopo.

Kibiriti: Liko juu ya kabati, mkono hauf— Uwii.

Mwalimu: Nini? Umejitonesha?

Kibiriti: (kwa sauti ya chini) Mama mkwe. Yuko mlangoni na kikombe.

Mwalimu: Amesikia?

Kibiriti: Kwa jinsi alivyokodoa macho, amesikia tangu kwenye saba... Ameweka kikombe chini. Anakuja. Mama, samahani sana, mama, mimi nili— Amenipita. Amepanda kwenye kigoda. Mama, utaanguka!

Mwalimu: Kuna nini huko?

Kibiriti: Ameshusha kopo. Amelimwaga lote kitandani. Vifungo vyangu! Vingine vinabingirika chini ya kitanda, mama, hivyo nilivipanga kwa rangi!

Mwalimu: Anasemaje?

Kibiriti: Anasema miaka yote anachemshia watu, hajawahi kumwambia mtu aache ya hospitali, sasa mimi nimemfanya aonekane mganga wa kienyeji wa sokoni. Anasema... anasema nikiwa na uchungu wa saba nisimwambie asante kwa chai, nimwambie saba. Analia, dada. Na mimi nalia. Tumekuwa wawili.

Mwalimu: Watatu.

Kibiriti: Anachambua. Hana miwani. Amekipata, ananipa na maji... Mama, hiki ni kifungo. Kifungo cha shati, mama, tazama, kina matundu manne!

Mwalimu: (anacheka sana) Asikumezeshe kifungo!

Kibiriti: Usinichekeshe! Nyinyi watu mmekula njama! Haya... haya, amepata pakiti yenyewe. Nasoma. Ndiyo, ni hivi.

Mwalimu: Nataka kusikia kinashuka.

Kibiriti: Kidonge hakina sauti.

Mwalimu: Koo lina sauti. Meza.

Kibiriti: (anameza maji) Haya. Kimeshuka.

Mwalimu: Fungua mdomo, mwoneshe mama.

Kibiriti: Anachungulia mpaka magego. Anasema wewe umepata wakili huku. Kuanzia sasa yeye ndiye mwenye kopo, na vifungo vyangu nimwombe.

Mwalimu: Mwambie shikamoo yangu, na mwambie kitambaa cha begani kimeshinda, nesi ametoa maksi zote.

Kibiriti: Amesikia. Amejikausha lakini amefurahi, anatafuta majani mengine. Dada, unasikia? Salio lako linalia.

Mwalimu: Ndilo linaniambia limebaki kidogo. Nakata, nabakiza la simu moja. Keti, kipe kidonge muda, usijifanye shujaa. Nikipiga tena nataka ukohoe.

Kibiriti: Na mto?

Mwalimu: Na mto. Haya, kwaheri, kwa—

(simu inakatika, baadaye inaita tena)

Kibiriti: Haloo, Mwalimu?

Mwalimu: Umejuaje? Si huoni jina?

Kibiriti: Nani mwingine atapiga simu kuniuliza kikohozi? Shikamoo tena.

Mwalimu: Marahaba. Ngapi?

Kibiriti: Nne. Nne ya kweli, mama hapa shahidi. Bega limeshuka mpaka tatu. Dada, nimelala! Nimelala chali kitandani kama tajiri.

Mwalimu: Alhamdulillahi. Kumbatia mto. Kohoa.

Kibiriti: (anakohoa kidogo) Ehee.

Mwalimu: Hicho ni cha kuomba ruhusa. Kohoa cha mwenye nyumba.

Kibiriti: (anakohoa kwa nguvu) Hicho je?

Mwalimu: Hicho ndicho! Nesi, umesikia? Huyo ndiye mwenye figo! Sasa jambo la mwisho, haraka, salio hakuna. Cheka.

Kibiriti: Nicheke nini? Mtu hachekeshwi kwa amri.

Mwalimu: Nimekojoa tena.

Kibiriti: Dada!

Mwalimu: Chupa mbili, Kibiriti! Shemeji yako ameoneshwa kupitia kidirisha, amepiga saluti na miwani imejaa ukungu, kumbe amepigia saluti ndoo ya kudekia—

Kibiriti: (anacheka, anacheka, hakatishi) Yoo! Yoo, mama, shika mto, shika mto! Ndoo! Dada, inauma lakini siyo sana, endelea, ehe, ikawaje? Ndoo ikaitik— Haloo? Dada? Haloo? (bado anacheka) Imekatika, mama. Salio limekwisha. Hapana, sitaki kukaa kwenye kiti. Niache hapahapa nicheke.